Njia ya Kurudi

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Dereva mmoja mzee wa Olkaria naye aliamini kuwa dalili ya taa inayopepesa ni globu iliyochoka. Kwa imani hiyo alibadilisha globu mara mbili, na bado taa za mbele za pikapu yake kuukuu, Peugeot 504, zilipepesa kama kibatari upeponi kila gurudumu lilipoingia shimoni.

Hali hiyo ilikuwa na kinaya chake. Olkaria ndiko Kenya ilikozindua mtambo wake wa kwanza wa umeme wa mvuke wa ardhini mwaka 1981, wa megawati 15. Kila jioni mzee aliteremka chini ya nyaya nene zinazosafirisha nuru kwenda mbali, ilhali yeye mwenyewe haoni hatua ishirini mbele. Barabara yenyewe hupita katika Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, ambako pundamilia na nyati huvuka bila taarifa. Usiku mmoja, bintiye akiwa kando yake, taa zilizimika ghafla. Zilipowaka tena, nyati alikuwa amesimama mbele ya boneti.

Kulipopambazuka mzee alikwenda kwa fundi wa umeme wa magari, mkononi akiwa na fedha za karo ya binti huyo.

"Mwanangu, nitafutie alterneta."

"Subiri kwanza, mzee. Tusimnyonge asiyehukumiwa."

Fundi alipima betri: volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, volti 14 ilipowashwa. Chanzo, basi, kilikuwa kizima. Kisha aliwasha taa, akagusisha ncha moja ya mita kwenye waya wa ardhi wa taa na ya pili kwenye ncha hasi ya betri. Hapo palistahili kusoma karibu na sifuri. Mita ikasoma volti 2. Akaufuata waya huo hadi kwenye bolti iliyoushikilia kwenye bodi. Chini yake palijaa kutu. Akaifungua, akasugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akakaza na kupaka grisi. Taa zikatulia.

Mafundi huuita waya huo "ethi". Vitabuni ni waya wa ardhi. Kwa jina lolote lile, kazi yake ni moja: umeme hauishii kwenye taa, sharti urudi ulikotoka. Hata huko Olkaria, maji yanayopanda pamoja na mvuke hurudishwa chini kupitia visima, ili hazina ya ardhini isikauke. Aghalabu binadamu hukilaumu chanzo cha nuru, akasahau kuikagua njia ya kurudi.

Karo ilifika shuleni ikiwa kamili. Jioni hiyo, penye kona, pundamilia walionekana tangu mbali. Mzee akapunguza mwendo, akawapisha.