Kioo Hakikufa

Najua nimepotea, wengine mkaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani! Nilikuwa nyumbani Kingolwira napambana na kompyuta. Leo nawasimulia maana kuna funzo, na kuna aibu kidogo.

Basi bwana, Ijumaa jioni nikapanda gari pale Msamvu nikaenda nyumbani kumalizia ripoti ya utafiti. Kule kumetulia, unaandika huku unaitazama milima ya Uluguru. Kabla ya kulala nikaiapdeti Linux yangu kwa bando la simu. Asubuhi nawasha, mama yangu! Skrini imejaa michirizi. Nikifungua LibreOffice, menyu zinamweka na kukatika vipande vyeusi, na herufi nilizofuta bado zinaning'inia palepale. Ripoti nzima ilikuwa humo, nakala pengine sina, na ilibaki wiki moja tu kuikabidhi.

Nikakimbilia kwa fundi mjini. Akaitazama kama sekunde kumi. "Kioo kimekufa hiki. Laki na ishirini." Na mimi, msomi wa kompyuta mwaka wa tatu, nikaitikia tu. Nikampigia mjomba.

Kwa wasiojua, sisi Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba ni mtu mzito. Hata hiyo kompyuta, ya mtumba, alininunulia yeye. Ana bwawa la perege nyuma ya nyumba. Jioni ile akanikabidhi hela yote, noti bado zinanuka samaki. "Soma, mjomba," akaniambia (na yeye huniita hivyohivyo).

Usiku usingizi ukagoma. Nikaiwasha tena, na hapo ndipo nikashtuka. Ile nembo inayotokea mwanzo kabisa ilikuwa safi. Nikaingia kwenye mipangilio ya BIOS, safi pia. Michirizi inaanza Linux ikishaamka. Sasa kioo kilichokufa kinachaguaje saa ya kuumwa?

Nikapiga picha ya skrini kwa kibodi, siyo kwa kamera ya simu, nikaitumia faili hiyo kwenye simu. Nikaifungua: michirizi ileile, kwenye kioo cha simu! Maana yake picha iliharibika ndani, kabla haijafika kwenye kioo. Kama kosa lingekuwa la kioo au waya wake, picha ingetoka safi.

Lakini kadi ya picha yenyewe ingeweza kuwa ndiyo imekufa. Kwa hiyo nikawasha upya, nikasimama kwenye menyu ya GRUB, nikabonyeza e, na mwisho wa mstari unaoanza na linux nikaongeza neno moja: nomodeset. Neno hilo linaiambia Linux isitumie draiva kamili ya picha, itumie njia ya kawaida kabisa. Ikawaka! Nzito kama mkokoteni, maandishi makubwa, lakini michirizi hakuna. Kitu cha kwanza nikanakili ripoti kwenye flashi. Mikono ilikuwa inatetemeka, sifichi.

Kisha nikawasha tena, safari hii bila neno lile, nikaingia kwenye chaguo za ziada za menyu ileile, nikachagua keneli ya zamani, ya kabla ya apdeti. Kila kitu safi, na kasi yake ileile. Keneli ndiyo moyo wa Linux, na draiva nyingi za picha huja ndani yake. Ukibadilisha keneli, umebadilisha na draiva. Kumbe ile apdeti ya Ijumaa ndiyo iliyoniletea draiva isiyoelewana na kadi yangu. Kioo kizima, kadi nzima.

Kazi ngumu ikabaki moja: mjomba. Wadau, shetani alikuja. Laki na ishirini mfukoni, bumu limeisha, nani angejua? Asubuhi nikaenda bwawani na hela yote.

"Mbona uliniambia kioo kimekufa?"

Nikaanza kueleza draiva, keneli, ananitazama tu. Mwishowe nikaonyesha bwawa. Kioo ni bwawa, mjomba. Draiva ni mfereji unaoleta maji. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo bwawa zima, mfereji ndio unaleta tope. Na wewe ulitaka tuchimbe bwawa jipya."

Sikuwa na jibu. Akahesabu noti zake, akanirudishia elfu kumi ya nauli, akasema siku nyingine nianze kwa kuangalia mfereji. Miaka mitatu darasani, na somo nimelipata bwawani.

Ripoti nimekabidhi. Bado natumia ile keneli ya zamani, ila sitakaa nayo milele kwa sababu haipati marekebisho ya usalama. Kila ikija mpya naijaribu kwanza, ikileta tope narudi nyuma.

Na wewe unayesoma hapa ripoti yako iko sehemu moja tu, hebu acha kusoma, tafuta flashi sasa hivi. Halafu fundi akikwambia kioo kimekufa, muulize amejuaje.

Naishia hapa kwa leo, foleni ya wali maharage inanisubiri. Tukutane wiki ijayo!