Ukienda Garissa, Fungua Boneti Mwenyewe

Ikiwa unakusudia kuwapeleka watoto Garissa likizo hii, msomaji, usitosheke na neno la fundi wako. Kutoka Nairobi ni takriban kilomita 370, lami kupitia Thika na Mwingi. Lakini ukishaipita Mwingi, miji ni michache, jua ni kali na gereji ziko mbali.

Mimi nilijionea. Gereji moja jijini iliniambia gari liko tayari. Mbele ya Ukasi, mvuke ukafuka chini ya boneti. Kibano cha mpira wa rejeta hakikuwa kimekazwa na maji yote yalikuwa yamemwagika. Tulikuwa na chupa mbili tu za maji ya kunywa, na watoto watatu wanalia kiu. Dereva wa lori la mbuzi alisimama, akangoja injini ipoe, akakaza kibano kwa bisibisi, kisha akatupa maji.

"Kwani hukukagua kabla ya kutoka?" aliniuliza. Sikuwa na jibu.

Breki na giaboksi mwachie fundi. Lakini maji, oili, mkanda wa feni na tairi, pamoja na la akiba, kagua mwenyewe asubuhi. Rejeta ikiwa moto usiifungue, itakuunguza. Beba maji lita 20, mbali na ya kunywa.

Ukivuka daraja la Mto Tana umefika; burudika kwa maziwa ya ngamia. Kabla ya kuendelea Wajir, ulizia usalama na ufungue boneti tena. Fundi hubaki gerejini. Wanaosafiri ni wewe na wanao.