Kukodi gari la kuvuka mpaka: uliza bima kabla hujauliza bei

Najua wengi mlitegemea leo tuendelee na ukungu wa vitunguu. Tutarudi huko wiki ijayo. Nimesogeza mada hiyo kwa sababu juzi vijana wawili wamenipigia kuniambia wanakodi gari kwenda Kenya kutafuta soko. Wakaniuliza habari za dawa, habari za bei, habari za vibali. Cha bima hawakuniuliza. Nikakumbuka yaliyotupata mwaka juzi, nikaona nisipoandika leo nitakuwa nimewakosea kama nilivyowakosea wengine.

Ndiyo, niliwakosea. Naomba nianze na hilo.

Kikundi chetu cha vitunguu hapa katani, mkoani Arusha, kilikuwa kimechoka kuuza lumbesa shambani kwa bei ya dalali. Tukakubaliana watu 8 twende Nairobi, tuone wenyewe soko la Wakulima, lile wenyeji wanaloliita Marikiti. Tukakodi Noah ya mfanyabiashara mmoja wa mjini kwa shilingi 150,000 kwa siku, siku 3. Gari tulipewa bila dereva. Dereva alikuwa kijana wetu mwenye leseni halali.

Siku moja kabla ya safari, mama mhazini wa kikundi alinifuata ofisini. Ni mtu wa maneno machache. Akaniuliza, "Bwana shamba, hii bima ya hili gari inafika Nairobi?" Nikamjibu, "Inafika mama, usiwe na wasiwasi."

Sikuwa najua. Nilikuwa nimesikia tu mwenye gari akisema gari lina bima kubwa na kadi ya njano. Sikuiona kadi, sikuusoma mkataba wa bima. Nilijibu kwa sababu ninaulizwa maswali kila siku, na mtu akizoea kuulizwa huanza kuona aibu kusema "sijui." Mama akaniamini, akatoa pesa.

Tulikwenda salama. Marikiti tulijifunza mengi, nimeshayaandika. Siku ya kurudi, jioni, tukiwa Kitengela, bodaboda aliingia barabarani kutokea kushoto. Dereva wetu alikanyaga breki, akakwepa, lakini tulimgonga na gari likaishia kwenye nguzo. Yule kijana wa bodaboda alivunjika mguu. Mmoja wetu alipasuka juu ya jicho. Noah ilivunjika bampa, taa ya kulia, boneti na rejeta. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyefariki.

Polisi walikuja, karatasi zikatolewa, na kadi ya njano ilikuwepo kweli. Nikapumua. Nikamwambia mama mhazini, "Unaona? Bima ipo." Hiyo ilikuwa mara ya pili kusema kitu nisichokijua.

Kadi ya njano inalipa nini, na hailipi nini

Hapa ndipo ninapotaka usome taratibu.

Kadi ya njano ni mpango wa bima wa nchi za COMESA, ulioanza kufanya kazi mwaka 1987. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kwenye mpango huu wa kadi tumo. Kadi hii inaongezwa juu ya bima ya gari ya nyumbani: unaipata kwa kampuni au wakala aliyekukatia bima, inaandikwa nchi unazokwenda na tarehe zake. Ukivuka bila hiyo, itabidi ununue bima nyingine mpakani. Zipo pia nchi nyingine za mpango huu, lakini majirani zetu walioko ndani ni Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo ya Kinshasa, Zambia na Malawi. Msumbiji haimo. Wewe wa Nanyumbu unayevuka Mtambaswala, kadi ya njano haikusaidii kitu. Ulizia bima ya Msumbiji.

Kazi ya kadi ni kulipia madhara unayomfanyia mtu mwingine, kwa kufuata sheria ya nchi uliyopo, pamoja na matibabu ya dharura ya dereva na abiria wa gari lako. Kila nchi ina ofisi inayoratibu madai hayo. Kwetu ni Shirika la Bima la Taifa, NIC.

Kwa hiyo yule kijana wa bodaboda, dai lake lilipita kwenye kadi. Mwenzetu aliyepasuka, gharama ya kushonwa ilipita kwenye kadi. Mpaka hapo kila kitu kilikwenda sawa.

Lakini kadi ya njano haitengenezi gari lako. Hilo sikulijua. Nilidhani kadi inaibeba bima yote na kuivusha mpaka. Kumbe inavusha ile sehemu ya mtu wa tatu tu. Gari unaloendesha linabaki kutegemea bima kubwa ya mwenye gari, na bima kubwa ina masharti yake.

Masharti mawili yaliyotumaliza

La kwanza ni mipaka ya nchi. Kwenye mkataba wa bima ya ile Noah paliandikwa kwamba uharibifu wa gari unalipwa likiwa ndani ya Tanzania. Ili ulipwe Kenya, mwenye gari alitakiwa kuiomba kampuni mapema iongeze nchi hiyo na kulipia nyongeza. Hakuomba. Yeye mwenyewe alidhani kadi ya njano inatosha, kama nilivyodhani mimi.

La pili ni matumizi. Gari lilikatiwa bima ya matumizi binafsi. Kukodisha kwa pesa si matumizi binafsi, ni biashara, na bima ya biashara ni nyingine na bei yake ni kubwa zaidi. Kwa hiyo hata kama tungegonga nguzo hapa hapa Arusha, kampuni ingekuwa na sababu ya kukataa. Fikiria ni magari mangapi kijijini kwako yanakodishwa hivi: la mwalimu, la mchungaji, la jirani. Mwenye gari si mtu mbaya, na wewe si mtu mbaya, lakini siku ya ajali mkataba hauangalii ujirani.

Na sisi tulikuwa tumesaini karatasi ya kukodi. Ukurasa mmoja, mstari wa chini kabisa: "Mkodi atalipa uharibifu wote utakaotokea gari likiwa mikononi mwake." Niliisaini mimi kwa niaba ya kikundi.

Gereji ilitaka 1,850,000. Mwenye gari akaongeza siku 6 ambazo gari halikufanya kazi, 100,000 kwa siku. Jumla 2,450,000. Mwenyekiti wetu alimwomba sana, mzee mwenzake, akashusha zile siku hadi 300,000. Ikabaki 2,150,000. Mimi nilitoa 400,000 mfukoni. Zilizobaki, 1,750,000, zilitoka kwenye mfuko wa kikundi uliokuwa na 3,200,000 za mbegu na mbolea. Msimu ule tulipanda ekari 3 badala ya 7. Soko tulilokwenda kulitafuta Nairobi tulikuwa tumelipata, mzigo wa kulipeleka hatukuwa nao.

Mama mhazini hakunilaumu mbele ya watu. Alikuja ofisini na daftari lake, akaniomba nisaini kwamba pesa zimetoka. Akasema, "Siku nyingine mwanangu, kama hujui, niambie hujui. Ningeuliza kwingine." Nimesomea diploma ya kilimo miaka miwili, lakini sentensi hiyo haikuwamo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa pesa

Mwenye gari asiyetaka kujibu maswali haya, mshukuru na utafute gari lingine.

1. Bima ni ya aina gani? Ya mtu wa tatu tu, au bima kubwa? Kama ni ya mtu wa tatu tu, jua kwamba kila mkwaruzo wa gari hilo ni wako.

2. Imekatwa kwa matumizi gani? Binafsi au ya kukodisha? Omba uione kwa macho. Pia unaweza kuhakiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA MIS, kuona kama bima ni hai. Kijana yeyote mwenye simu janja atakusaidia.

3. Bima kubwa inafika nchi gani? Usikubali jibu la mdomo. Kama haifiki, mwambie mwenye gari aombe nyongeza kwa kampuni yake, hata kama gharama mtachangia. Apewe kwa maandishi.

4. Kadi ya njano ipo, na tarehe zinatosha? Angalia namba ya gari, nchi na siku. Ongeza siku moja au mbili za tahadhari. Mzigo ukichelewa, kadi haikusubiri.

5. Nani anaruhusiwa kuendesha? Kuna bima zinazotaka dereva awe na leseni ya muda fulani au umri fulani. Kijana wenu akiwa nje ya hapo, bima imekufa kabla safari haijaanza.

6. Hasara kiasi gani tunabeba wenyewe? Bima kubwa nayo ina sehemu ya kwanza ya hasara ambayo kampuni hailipi. Iulize, iandike kwenye karatasi ya kukodi, na mkubaliane kwamba mkodi hatalipa zaidi ya hiyo bima ikilipa.

7. Siku gari likiwa gereji, nani analipa? Sisi hatukuuliza. Ilitugharimu 300,000, na ingekuwa 600,000.

Zaidi ya bima, beba barua ya mwenye gari inayowaruhusu kuvuka nalo, kadi ya gari, na karatasi ya forodha ya kuliingiza gari kwa muda. Ukienda Rwanda, Burundi au Kongo, kumbuka wenzetu wanaendesha upande wa kulia. Mweke dereva anayejua hilo.

Mkipata ajali huko

Hudumieni majeruhi kwanza. Msiondoe gari kabla polisi hawajafika, isipokuwa wakiwaamuru au kuna hatari. Pigeni picha: magari, barabara, namba, kadi ya njano. Msikubali kosa kwa maandishi na msimlipe mtu pembeni ya barabara ili yaishe, maana kampuni inaweza kukataa malipo mliyokubaliana bila kuishirikisha. Chukueni karatasi ya polisi. Kenya wanaiita abstrakti, na bila hiyo hakuna dai. Mpigieni mwenye gari siku hiyo hiyo ili aijulishe kampuni yake. Kukaa kimya wiki nzima ni sababu nyingine ya kunyimwa.

Na wale mnaokwenda mbali, mfano Dubai kufunga mzigo, mkakodi gari huko huko: kanuni ni zile zile. Soma nini kimo kwenye bei na nini hakimo, piga picha gari pande zote kabla hujaliondoa, na hata mkwaruzo mdogo uupatie ripoti ya polisi. Kule gereji haligusi gari lililogongwa bila ripoti hiyo.

Kama mmefuata yote na kampuni ya bima bado inawazungusha, mwenye bima anaweza kupeleka malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima au TIRA. Sisi hatukuwa na la kupeleka. Kampuni ilifuata mkataba, na mkataba hatukuwa tumeusoma.

Kikundi chetu kipo. Mwaka jana tulirudi ekari 6. Tulipotaka kukodi gari tena, mama mhazini aliniuliza swali lile lile, mbele ya mkutano mzima safari hii. Nikasema, "Sijui mama. Nipe siku mbili." Nikamfuata mwenye gari, tukaenda wote kwa wakala, tukasoma. Nyongeza ya Kenya kwenye bima kubwa ilikuwa ndogo kuliko pesa tuliyokula njiani.

Wewe unayepanga safari ya soko baada ya mavuno, fanya hivyo. Na ukiniuliza mimi jambo nisilolijua, nitakwambia sijui.

Wiki ijayo tunarudi kwenye ukungu.