Saba ya Turufu

Ukiniuliza karata gani ni bora katika wahedi wa sitini, nitakwambia saba ya turufu, wala si ree. Najua utabisha. Wengi walibisha, tena kwa kelele.

Miaka ile Kodak walikuwa bado na kiwanda chao hapa Mount Dennis, Toronto, na sisi tulikutana Jumamosi usiku kwenye ghorofa moja ya Weston Road. Ukitoka kwenye lifti, harufu ya iliki inakupokea. Mlangoni viatu vimelundikana, mabuti ya theluji juu ya makubadhi. Ndani kuna watu wa Unguja, wa Mombasa, wa Lamu, na mzee mmoja wa Barawa mwenye Chimini chake kitamu, Kiswahili cha kwao. Nje basi namba 89 linanguruma, na treni ya mizigo ikipita, vikombe vinalia kwenye sinia. Bibi mwenye nyumba hakuruhusu mtu aguse mandazi mchezo ukiwa unaendelea, maana karata ikishika mafuta inajulikana mgongo.

Tulicheza wanne, wawili kwa wawili. Nane, tisa na kumi zinatolewa, zinabaki 40. Ree ni 11, saba 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3, wa pili 2, nyingine zote magarasa. Jumla 120, kwa hiyo mwenye 61 kashinda. Kila mtu anashika tatu, akitupa moja anaokota moja.

Sasa tazama. Ree ya turufu haikupi mawazo, hakuna cha kuila. Saba ina mkubwa mmoja tu, na hujui kakaa mkononi kwa nani. Ukikata ree ya mtu kwa saba ukiwa wa pili kutupa, na wa tatu akawa na ree ya turufu, umewapa 32 kwa mkono wako mwenyewe. Kwa hiyo unangoja zamu yako iwe ya mwisho, au ree ya turufu itoke. Lakini ukingoja mno, karata zinakwisha, na saba unaitoa kwa kulazimika. Hapo ndipo mtu unapomjua.

Usiku mmoja turufu ilikuwa shupaza, na mwenzangu alikuwa yule mzee wa Barawa. Mpemba mmoja akatupa ree ya kopa kwa kishindo. Zamu yangu ya pili. Nikamwangalia mzee, akaigusa kofia yake, kama anayeirekebisha. Nikatia mzungu wa nne. Mwenzake Mpemba akacheka, akamwongezea saba ya kopa. Mzee akanywa chai kwanza, akaweka kikombe, kisha akailaza saba ya shupaza taratibu, bila kelele. Pointi 35 mara moja! Mpemba alikaa kimya mpaka mandazi yalipoletwa.

Jirani yetu Mreno, mstaafu, alizoea kuja kutazama. Kiswahili hakujua hata neno. Lakini ree 11, saba 10, hesabu yote hiyo aliijua tangu utotoni kwao. Ngome yao ya Mombasa waliipoteza 1698, karata zikabaki. Mtu akitupa saba mapema, yeye ndiye wa kwanza kushika kichwa.

Mpwa wangu alikuwa shule bado, na yeye na wenzake walicheza Yu-Gi-Oh!. Kila mtoto na karata zake mwenyewe, zisizopungua 40, amezinunua na kubadilishana kwenye ngazi. Alinionyesha moja iitwayo Pot of Greed: unaitupa, unaokota mbili, basi, haina gharama. “Mjomba, hii kila mtu lazima awe nayo.” Mwaka 2005 wakaipiga marufuku mashindanoni, akanuna wiki nzima. Mimi niliona wamefanya vyema. Karata ambayo hujiulizi uitupe lini haikufundishi kitu.

Mwaka huohuo Kodak wakafunga. Likabaki Jengo namba 9, ambalo 2016 walilinyanyua zima wakalisogeza kando ili wachimbe stesheni, kisha wakalirudisha. Wenzetu ambao kodi iliwashinda walihamia Brampton, wengine mbali zaidi. Mzee wa Barawa tulimzika. Mreno alihamishiwa kwa binti yake, na sikumwona tena.

Mpwa sasa ni mtu mzima, yuko Kitchener. Akija Jumamosi, tunatimia wanne. Asipokuja tunatoa mbili moja ili mgao ukae sawa, tunacheza watatu, kila mtu kivyake. Hakuna mwenza wa kumpa ishara wala wa kukutilia mzungu wake wa nne, na saba ya turufu unaishika peke yako.