Mvumi: Chakula na Vinywaji vya Mwaka Mzima

Mtu akitoka Dodoma mjini akashika njia ya kusini-mashariki, mwendo wa kilomita 40 hivi, atafika Mvumi. Hiyo ni nchi ya Wagogo, katika wilaya ya Chamwino. Ni nchi ya tambarare, yenye vilima vya mawe, mibuyu mikubwa, na makorongo ya mchanga yasiyokuwa na maji ila siku za mvua. Mvua yake ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili, nayo kwa mwaka ni kama milimita 500 au 600 basi. Miezi iliyobaki ni jua, upepo na vumbi.

Wengi wapitao huko wakati wa kiangazi husema, "Hapa pana nini cha kula?" Mimi nimekaa Mvumi mwaka mzima, nimekaribishwa katika nyumba nyingi, nami napenda kuwaelezeni vyakula na vinywaji vilivyonipendeza. Nitavitaja kwa kufuata majira, maana huko chakula ni cha majira yake. Ukitaka kujua watu wanakula nini, uliza kwanza ni mwezi gani.

Zamani wasafiri hawakuuliza kama Mvumi pana chakula. Misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora ilipita kwanza nyika kavu iitwayo Marenga Mkali, yaani maji makali, kwa kuwa maji yake ni ya chumvi. Walipotoka nyikani wakaingia Ugogo, walifurahi. Richard Burton alipita Ugogo mwaka 1857, na Henry Stanley alipita Mvumi yenyewe mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone. Watemi waliwatoza hongo ya nguo, na wageni walinung'unika sana. Lakini baada ya kulipa waliweza kununua nafaka, maziwa, samli na asali. Basi nchi hii kavu ililisha watu wake, na wapita njia pia.

UGALI WA UWELE

Nianze na mwezi wa Juni, maana ndipo mwaka wa chakula unapoanza. Mavuno yamekwisha ingia, na kila nyumba ina ugali wa uwele au wa mtama. Ugali wa uwele si mweupe. Rangi yake ni ya kijivu, na harufu yake ni nzuri kama ya nafaka iliyokaangwa kidogo. Aliyezoea ugali wa sembe huutazama mara mbili kabla ya kumega. Akisha umega mara tatu, hauachi.

Kazi yake ni kubwa. Mama hutwanga uwele kinuni ili kuondoa maganda, hupepeta, huosha, huanika, ndipo husaga. Wala hasagi mwingi kwa siku moja. Uwele una mafuta ndani yake, na unga wake ukikaa siku nyingi huchacha na kuwa mchungu. Kwa hiyo nafaka hukaa ghalani nzima, na unga husagwa kidogo kidogo. Ugali wa Mvumi karibu daima ni wa unga mpya, na hiyo ndiyo sababu moja ya utamu wake. Tena uwele una madini ya chuma, yanayoongeza damu. Yafaa sana kwa mama mja mzito na kwa watoto.

Asubuhi unga huohuo hupikwa uji. Watu wengine hutia karanga zilizotwangwa. Nimekunywa uji huo mwezi wa Julai, wakati baridi ya asubuhi inapouma na upepo unavuma kutoka mashariki, nami sikutamani chai.

MLENDA

Ugali una mwenzi wake, naye ni mlenda. Wagogo wana mboga za porini nyingi, lakini iliyo mbele ya zote huitwa ilende. Huota yenyewe mashambani mvua zikinyesha. Wanawake na watoto huichuma, huianika, huitwanga iwe unga, kisha huiweka. Hata mwezi wa Oktoba, wakati hapana jani bichi popote, mama huchota unga wa ilende, hutia katika maji yanayochemka pamoja na magadi kidogo, na baada ya muda mfupi mboga iko tayari. Akiwa na karanga au nyanya, huongeza. Huvutika kama uzi, na ugali hushuka wenyewe.

Zamani majani haya yalianikwa juu ya dari la tembe, yaani ile nyumba ya Kigogo yenye paa la udongo lililo sawa. Siku hizi nyumba nyingi ni za bati, na mboga huanikwa juu ya mkeka uani. Hapa nawaambieni jambo la maana. Jua kali huharibu vitamini A iliyo katika majani, na vitamini hiyo ndiyo inayolinda macho ya watoto. Ni afadhali kuanika kivulini, mahali penye upepo. Mboga itachukua siku zaidi kukauka, lakini itabaki na rangi yake ya kijani na nguvu yake. Hospitali ya Mvumi, iliyo katika misheni ya ndugu zetu Waanglikana, yajulikana mbali kwa kutibu macho. Ni vizuri kuwa na hospitali, lakini ni vizuri zaidi mtoto asihitaji kupelekwa.

MAZIWA

Mgogo bila ng'ombe ni habari ngumu kuieleza. Chakula nilichokipenda kuliko vyote ni ugali wa uwele na maziwa mgando, yaliyogandishwa katika kibuyu. Lakini sikukipata kila siku, na sababu yake yafaa kujulikana.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo wa Mvumi walikuwa wengi kuliko majani. Miti ilikatwa, udongo ukachukuliwa na maji ya mvua, makorongo yakapanuka. Mwaka 1973 serikali ilianzisha kazi ya kuhifadhi ardhi ya Dodoma, iliyoitwa HADO. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika sehemu zilizoharibika za Kondoa, na mwaka 1986 ikaondolewa Mvumi. Kwa wafugaji lilikuwa jambo zito. Majani na miti vilirudi mahali pengi, lakini kibuyu cha maziwa kilikauka katika nyumba nyingi. Baadaye watu walijifunza kufuga ng'ombe wachache zizini, wakiwakatia majani na kuwaletea maji. Hivyo ukipewa bakuli la maziwa mgando Mvumi, jua kwamba mtu ameyafanyia kazi. Shukuru, na usiache tone.

UBUYU NA ZABIBU

Wakati wa kiangazi mibuyu haina majani, lakini matunda yake yananing'inia. Watoto huyaangua, hupasua ganda, na ndani mna unga mweupe uliogandamana na mbegu. Ukiloweka katika maji, ukachuja na kutia sukari kidogo, unapata kinywaji kikali kidogo, kitamu, kinachokata kiu kuliko soda. Unga wa ubuyu una vitamini C nyingi sana. Ukwaju hufanyiwa vivyo hivyo. Miti hii haidai mbolea wala dawa. Inadai jambo moja tu, kwamba asiikate mtu.

Zabibu ni mgeni aliyepata uenyeji. Wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu katika misheni ya Bihawana, karibu na Dodoma, wakitaka divai. Wakaona kwamba jua na ukavu wa nchi hii, uliowashinda mahindi, unaupendeza mzabibu. Ukitunzwa na kupogolewa vizuri, huzaa mara mbili kwa mwaka: mwezi wa Februari au Machi, na tena Agosti au Septemba. Siku hizi mashamba ya mizabibu yako katika vijiji vingi vya Dodoma na Chamwino. Mwezi wa Septemba nilinunua zabibu nyeusi, zenye joto la jua bado, nikazila njiani mpaka zikaisha. Wenyeji waliniambia kwamba zabibu ni fedha, si chakula. Ni kweli. Shamba la zabibu hununua daftari za shule na bati za nyumba.

UJIMBI

Siwezi kuandika habari za vinywaji vya Ugogo nikaruka ujimbi, yaani pombe ya nafaka. Hutengenezwa kwa kimea cha mtama au uwele. Nafaka huloweshwa ichipue, hukaushwa, husagwa, hupikwa uji, kisha huachwa uchachuke. Kazi ya kulima pamoja, arusi na ngoma zina ujimbi wake. Wazee hukaa chini, chombo kikizunguka kwa zamu, na mgeni hupewa kwa heshima. Asiyekunywa hupewa togwa, wala hapana anayekasirika.

Lakini nafaka ni ileile moja. Debe lililoingia chunguni mwa pombe halitatoka chunguni mwa ugali. Mzee mmoja aliniambia maneno haya: "Zamani tulipika pombe baada ya kupima kihenge. Siku hizi wengine wanapima kihenge baada ya kupika pombe."

LORI NA KIHENGE

Mwezi wa Julai malori huja kununua nafaka. Mji wa Dodoma umekuwa mkubwa. Shauri la kuufanya makao makuu lilikatwa mwaka 1973, serikali ilianza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, nao ukawa jiji mwaka 2018. Watu wote hao wanakula. Katika nyumba moja nilimokuwa nikila mara nyingi, baba mwenye nyumba alikuwa na magunia manane ya uwele, na mwenye lori alisimama mlangoni na fedha mkononi. Baba alitaka kuuza yote, maana karo ilikuwa inadaiwa. Mama yake mzazi, bibi wa miaka mingi, alikuwa amekaa kivulini akipepeta.

"Mwanangu," akasema, "Februari lori litakuwa wapi?"

"Mama, Februari tutanunua mahindi dukani."

"Kwa fedha gani? Hizi za leo zitakuwa zimekwisha. Mimi nimezaliwa na watu waliokula ngozi."

Alikuwa akisema habari za Mtunya. Hiyo ndiyo njaa kubwa iliyoipiga Ugogo baada ya vita ya kwanza ya dunia, tangu mwaka 1917 hata 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua nafaka na ng'ombe, yakawachukua na vijana kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosa. Watu wengi sana walikufa, na wengine walitawanyika wakitafuta chakula. Wagogo wameipa kila njaa jina lake, lakini Mtunya haijasahauliwa na mtu.

Baba alinyamaza kitambo, kisha akauza magunia matatu. Karo ikalipwa nusu, na nusu ikangoja zabibu za Septemba. Magunia matano yakabaki kihengeni.

MVUA

Oktoba na Novemba watu huberega, yaani husafisha mashamba kwa kukata na kuchoma visiki na majani makavu, tayari kwa kupanda. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini, nao hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi. Nimewala, nami nawasifu. Kisha huja mboga mbichi: mhilile, ilende, majani ya kunde na ya maboga.

Lakini Januari na Februari ndiyo miezi migumu. Mboga ni tele, na nafaka ni haba. Kazi ya shamba ni kali, na ndipo mkulima anapohitaji kushiba. Katika nyumba zilizouza yote nilikuta sufuria ya mboga bila ugali, au mahindi ya dukani yaliyonunuliwa kwa bei ya juu kwa mkopo. Katika nyumba ya yule bibi ugali ulikuwapo kila jioni, nao haukuwa mkubwa, lakini ulimtosha kila mtu na jirani mmoja au wawili. Yule baba hakusema neno. Siku moja tu, akimnawisha mama yake mikono, alisema, "Mama, mwaka huu nitauza mawili."

Mwezi wa Machi shida hupungua. Matikiti, maboga, kunde mbichi na mahindi mabichi ya kuchoma huja kwa pamoja, na watoto hunenepa machoni pako. Uwele na mtama hutoa masuke, na kwelea kwelea huja kwa maelfu. Watoto hukaa shambani tangu alfajiri wakipiga kelele na kurusha mawe. Ni kwa sababu ya ndege hawa, na ya kazi ya kutwanga, kwamba wengine wameacha uwele na kupanda mahindi. Mwaka wa mvua njema mahindi hufaa. Mwaka wa mvua chache hukauka yakiwa bado hayajazaa, na uwele wa jirani unasimama.

Basi, wasomaji wapenzi, huu ndio mwaka wangu wa kula na kunywa Mvumi. Ninyi mnaokaa katika nchi kavu kama ile, pandeni mahindi mkipenda, lakini msiache shamba la uwele au la mtama. Ziko mbegu za muda mfupi, kama ile ya mtama iitwayo Macia. Mwulizeni bwana shamba wenu. Anikeni mboga kivulini. Acheni mbuyu usimame. Na lori likija mwezi wa Julai, mwiteni kwanza bibi wa nyumba, mpime kihenge pamoja, mhesabu midomo na miezi. Kitakachozidi, uzeni kwa moyo mweupe. Na mgeni akibisha hodi Februari, mtaweza kumwambia, "Karibu, ugali upo."