Dhamiri Mbele ya Bunduki

Wahenga walinena kwamba mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Ni rahisi mtu kudai uhuru wa imani pale imani inayohusika ni yake. Mtihani huja pale imani ya mwingine inapomkataza kubeba bunduki ambayo wenzake wameamriwa kuibeba.

Tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston, Marekani, bingwa wa ndondi duniani, Muhammad Ali, aliitwa apige hatua moja mbele ili awe askari. Hakusogea. Alikuwa ameomba asamehewe utumishi huo kwa misingi ya dini yake. Jaji mstaafu aliyeteuliwa kumsikiliza alipendekeza ombi likubaliwe, maana alimwona kuwa mkweli. Wizara ya Sheria ilishauri kinyume, na bodi ya rufaa ikalikataa ombi. Ali alinyang'anywa ubingwa. Mwezi Juni mwaka huo alihukumiwa kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10,000. Alikata rufaa akabaki nje, ila alikaa zaidi ya miaka 3 bila kupanda ulingoni.

Waliompinga hawakukosa hoja. Nafasi ya asiyekwenda vitani hujazwa na mwingine, na huyo naye ana mama anayemlilia. Wamarekani zaidi ya 58,000 walipoteza maisha katika vita vya Vietnam. Isitoshe, sheria ilimtaka mwombaji apinge vita vya kila namna, upinzani wake utokane na dini, na awe mkweli. Ali alishikilia kwamba Mwislamu hupigana tu katika vita vilivyoamriwa na Mwenyezi Mungu. Je, mtu wa namna hiyo anapinga vita, au anavichagua?

Tarehe 28 Juni 1971, majaji 8 wa Mahakama ya Juu walibatilisha hukumu hiyo kwa kauli moja. Serikali yenyewe ilikuwa imekiri kwamba imani ya Ali ni ya kidini na ni ya kweli, nayo bodi haikuwa imeeleza ilimkatalia kwa sababu gani. Jaji wa 9, Thurgood Marshall, alijitenga na kesi kwa kuwa awali alikuwa wakili wa serikali. Huyu ndiye aliyewasaidia viongozi wa Kenya kuandaa rasimu ya haki za kimsingi katika mkutano wa Lancaster House mwaka 1960.

Mahakama haikutamka kwamba dini ya Ali ni sahihi. Ilichodai ni kwamba dola isimwadhibu mtu bila kumpa sababu. Kuiheshimu dhamiri, basi, si kukubaliana nayo. Ni kuisikiliza kwa haki. Wala dhamiri haikosi gharama: Ali hakutoroka nchi yake. Korea Kusini nayo, tangu mwaka 2020, huwapa wanaokataa silaha kwa ajili ya imani kazi ya miezi 36 magerezani, muda unaozidi ule wa jeshini. Wapo wanaouona muda huo kuwa adhabu, lakini angalau mlango umefunguliwa.

Kenya haina utumishi wa lazima jeshini. Hata hivyo, kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakataza mtu kushurutishwa kutenda kinyume cha imani yake. Maneno hayo hayatapimwa siku ambayo wote wanakubaliana. Yatapimwa siku ambayo mmoja atasimama asisogee, na walio wengi wawe wamemkasirikia.