Mnara wa Bagamoyo na Msiba wa Ubena
Ukifika katika misheni ya Wakatoliki ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868, utauona mnara wa kanisa la kale. Hapo, Februari 1874, akina Susi na Chuma waliufikisha mwili wa David Livingstone, walioubeba kwa miguu kutoka kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Livingstone alikuwa Mprotestanti, na zama zile madhehebu hayo mawili yalishindana vikali. Hata hivyo mapadre waliupokea, ukalala kanisani mwao.

Niliyakumbuka hayo tulipomzika jamaa yetu kule Ubena Zomozi. Ukoo wetu una Walutheri, Wakatoliki na Wasabato. Saa nzima ilipotea katika ubishi wa nani aongoze sala, hali marehemu yumo ndani na akina mama wanalia. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Shangazi yangu ni Msabato. Siku hiyo hapiki, wala hilo si kiburi, ni dhamiri yake. Paulo mwenyewe aliwaonya Warumi wasihukumiane kwa ajili ya vyakula na siku. Lakini maji ya wafiwa aliyachota yeye. Wajomba zangu, ambao sala haikuwa ya kwao, walibaki mbali chini ya mwembe, mpaka vijana walipomaliza kufukia kaburi.